Mkono Ulioulizwa Maswali

Nyamizi binti Shigela hakuwa na cheti cha kitu chochote isipokuwa cha ubatizo. Alisoma mpaka darasa la nne kwao Mwandoya, akaolewa, akafiwa na mume, akahamia Bariadi mjini na kupata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba wakati kingali mali ya ushirika. Kazi yenyewe ilikuwa moja tu, na aliifanya kwa miaka kumi na tisa. Mzigo ukishushwa, alipandisha mkono wa gauni, akazamisha mkono wake wa kulia ndani ya pamba mpaka kwapani, akatazama pembeni kama mtu anayemngoja mwenzake, halafu akatamka neno. Akisema "safi", mzigo unakwenda ghala la kulia. Akisema "fifi", yaani daraja la pili, unakwenda la kushoto. Akisema "rudi nayo", basi mwenye mzigo anapakia upya na kwenda kuianika pamba yake, maana pamba yenye maji hailali ghalani kwa amani. Inachemka yenyewe katikati, taratibu, siku tatu, siku nne, na siku ya tano mnaamka hamna ghala.

Wakulima walimwogopa kuliko mizani. Mizani ina ujanja wake na kila mkulima alikuwa ameujua. Mkono wa Nyamizi haukuwa na ujanja. Mzee mmoja kutoka Bukundi aliwahi kumletea kuku wawili ili auzungumzishe mkono wake vizuri. Nyamizi akapokea kuku, akashukuru "wabeja", akazamisha mkono, akasema "rudi nayo". Kuku hakuwarudisha.

Kisha likaja soko huria. Ushirika ukafa kifo cha aibu, kiwanda kikauzwa, na kila mwenye lori na mizani akawa mnunuzi wa pamba. Wanunuzi waligombania mzigo mpaka wakasahau kuutazama. Mkulima akaona, kumbe pamba ya fifi na ya safi zinapata bei moja, basi kwa nini nijichoshe kuchambua? Na kama wanapima uzito tu, ndoo moja ya maji inagharimu nini? Huria kweli, hata maji yakawa huru kuingia ndani ya gunia, na mchanga nao ukapata uhuru wake.

Meneja aliyeletwa na kampuni mpya aliitwa Salvatory. Alikuwa mtu wa tai hata kwenye vumbi la Oktoba, na aliamini kwamba kila tatizo duniani limekwisha kupatiwa mashine, ila watu wa Bariadi ndio wamechelewa kuambiwa. Mwaka uliofuata mvua za El Nino, pamba ilipokuja na maji ya Mungu na maji ya watu, akaagiza kompyuta.

Sasa ile kompyuta ilivyopokelewa, hata bibi harusi angeona wivu. Ilitengewa chumba chake. Iliwekewa feni, ikawekewa pazia la rangi ya maziwa, na mlangoni pakabandikwa karatasi: VUA VIATU. Karani wake, Mayala, alishinda humo ndani na soksi. Kupitia dirishani ulitoka waya mrefu wenye chuma cha kuchomeka kwenye gunia. Chuma kikichomekwa, kompyuta inafikiri, kisha inatoa namba ya unyevu, na Mayala anapaza sauti, "Safi" au "Rudi nayo". Nyamizi alitazama hayo yote akiwa amesimama juani. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kupewa hata kigoda.

"Anavuliwa viatu kama msikitini," alimwambia Mayala. "Anaswalisha?"

"Mayu, vumbi likiingia anakufa," akasema Mayala, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Basi kazi ya pamba kaifuata nini?"

Wakulima walimsoma yule mgeni kwa siku tatu. Waligundua kwamba chuma kinachomekwa juu ya gunia, na kwamba urefu wake unaishia kwenye kiwiko cha mtu. Hakichungulii, hakina udadisi, hakijui jina la ukoo wala tabia ya mtu. Siku ya nne magunia yakaanza kuja makavu kabisa juu na yamelowa chini, na kompyuta ikayapokea yote kwa heshima. Nyamizi ndiye aliyekuwa akiyarudisha. Ikawa kila siku kompyuta inasema hivi na mkono unasema vile, na wenye mizigo wanasimama katikati wanalalamika. Salvatory akachoka. Akatangaza kwamba msimu ukiisha kitabaki kimoja, ama mkono ama kompyuta, na atakayeamua ni mtaalamu.

Mtaalamu mwenyewe akashuka kwenye basi la Mwanza na begi la mgongoni. Jina lake Joakim, Mtanzania mwenzetu, ila alikuwa anasomea udaktari wa vitabu kwenye chuo cha huko Ulaya. Alikuwa anachunguza namna binadamu anavyoishi na mashine. Elimu yake iliitwa fenomenolojia, na ukimuuliza ni nini, alikuwa anafurahi mno, ndipo unajuta kuuliza.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimia Nyamizi, kwa Kisukuma cha kujifunzia ndani ya basi.

"Mwangaluka. Mhola?"

Hapo Kisukuma kikamwishia, wakaendelea kwa Kiswahili. Joakim akaeleza. Alitaka kujua jinsi mtu anavyokiishi kitu kabla hajaanza kukifikiria. "Kwa mfano, mayu, unapolima, unaliona jembe?"

"Nisipoliona nitajikata mguu."

"Hapana, namaanisha, akili yako iko kwenye jembe au iko kwenye shamba?"

"Kwenye shamba."

"Ndiyo." Joakim alifurahi kama aliyeokota ng'ombe. "Jembe limepotea mkononi mwako. Limekuwa wewe. Utaliona siku mpini ukivunjika. Hapo ndipo linakuwa kitu, limekaa mbele yako, unalikodolea macho. Sasa nataka kujua kama kompyuta inaweza kupotea mkononi mwa mtu namna hiyo, au itakaa mbele yake daima."

Nyamizi akamtazama juu mpaka chini. "Hili la jembe umelisomea miaka mingapi?"

"Sita."

Nyamizi akawahurumia wazazi wa kijana huyu, kwa dhati kabisa. Miaka sita, na ada, na mvulana mwenyewe ana afya nzuri tu. Watoto wa Bukundi wanaochunga mbuzi hawajawahi kulipiwa hata shilingi na hilo wanalijua, ila hawajapata mtu wa kumsumbua nalo.

Lakini maneno ya Salvatory hakuyasahau. Huyu ndiye mwenye kuandika, na kitakachoandikwa ndicho kitakachobaki. Kwa hiyo Nyamizi akaumeza ulimi wake, jambo ambalo halikuwa desturi yake, akakubali kuchunguzwa.

Joakim alikaa juu ya kreti la soda, hatua moja kutoka kwenye gunia, na daftari juu ya goti. Kila mkono ulipozama, aliuliza. "Sasa hivi unasikia nini?"

"Nasikia pamba."

"Kabla hujajua kwamba ni pamba?"

"Niliijua kabla haijashushwa."

"Sawa, lakini kitu cha kwanza kabisa. Ni ubaridi? Ni uzito? Ni ukimya fulani?"

Ukimya fulani. Nyamizi alikwenda nyumbani na hilo neno na akalicheka mpaka ugali ukaungua. Siku ya pili alijibu kwa dharau, siku ya tatu kwa kejeli, siku ya tano akaanza kujibu kwa kumridhisha. Tatizo la swali ni kwamba hata ukilidharau, umekwisha kulisikia. Siku ya saba alipokuwa anaosha vyombo alijikuta ameusimamisha mkono ndani ya maji, anautazama. Akajitukana, akaendelea kuosha.

Siku ya tisa ikaja lori kutoka Mwandoya, la mtu anayeitwa Zengo, magunia thelathini. Nyamizi alimfahamu Zengo tangu utotoni. Alikuwa mtu wa kuwekea maji hata maziwa ya mgonjwa. Kwa siku yoyote nyingine angesema "rudi nayo" kabla lori halijazimwa. Chuma kikachomekwa, kompyuta ikafikiri, ikasema safi. Nyamizi akazamisha mkono mpaka kwapani.

"Mayu, samahani," akasema Joakim kutoka kwenye kreti. "Ubaridi unaanzia kwenye kidole au kwenye kiganja?"

Na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, Nyamizi akaenda kuangalia. Akakisikiliza kidole gumba. Akakisikiliza cha shahada. Akarudi kwenye kiganja, akapanda kwenye kifundo, na kila alipofika alikuta kuna nyama na ngozi na jasho lake mwenyewe, na pamba hakuikuta mahali popote. Ilikuwa kama kushuka ngazi halafu ukaanza kufikiria ni mguu upi unaofuata. Watu walikuwa wanangoja. Zengo alikuwa anatabasamu. Nyamizi akautoa mkono, akasema, "Safi."

Magunia thelathini yakaenda ghala la kulia.

Asubuhi ya siku ya nne baada ya hapo, Joakim alikuwa amekwenda kunywa chai. Nyamizi alipita ghalani peke yake kuchukua kanga aliyoisahau, akaegemea mlima wa pamba afunge kiatu, kama unavyoegemea fremu ya mlango. Mkono ukaruka wenyewe. Alikuwa ameshawaita wapagazi kabla hajajua anawaitia nini. Wakafukua. Katikati pamba ilikuwa ya rangi ya chai, inatoa mvuke, na chini yake moshi mwembamba wa buluu ulikuwa umeanza kutafuta njia. Walivuta magunia nje mpaka saa saba mchana. Ghala likapona, na pamba ya watu wa tarafa nzima ikapona nalo. Magunia yaliyochemka yalikuwa na alama ya Zengo.

Kwa lile Nyamizi hakujificha. Alikwenda ofisini vilevile na moshi kwenye nguo, akavua viatu mlangoni, akamwambia Salvatory, "Hiyo pamba niliipitisha mimi." Salvatory akashukuru kwa ukweli wake, akauandika.

Msimu ulipoisha, ripoti ikatoka. Kurasa arobaini za Kiingereza, na mwisho saini ya Joakim, kubwa, ya kujiamini, yenye mkia uliopinda ukarudi chini ya jina lote. Salvatory aliwaita wote wawili akasoma hitimisho kwa Kiswahili. Mkono wa mhusika, kasema msomi, ni ajabu. Unajua bila kujua kwamba unajua. Kurasa ishirini na mbili zilikuwa zinausifia huo mkono mpaka Nyamizi akaona haya akauficha ndani ya kanga. Halafu likaja jedwali. Kompyuta ilipitisha mzigo uliowaka. Mkono nao ulipitisha mzigo uliowaka.

"Kwa hiyo ni sare," akasema Salvatory. "Na mambo yakiwa sare, mayu, kompyuta haiendi msibani, haiumwi, wala haidai mafao."

"Nani aligundua moto?" akauliza Nyamizi.

"Hiyo ni kazi ya mlinzi. Wewe si mlinzi."

Nyamizi akamgeukia Joakim. "Mwalimu, sema. Lile gunia la Zengo, ulikuwa umekaa wapi?"

"Pembeni."

"Ukisema nini?"

Joakim akalitazama jedwali lake. Alikuwa amekuwa mwekundu masikioni, na hilo Nyamizi alimhesabia kuwa jema, kwamba angalau masikio yake yalikuwa hayajasoma. "Kwa taratibu zetu, mayu, mtafiti huwa hajiandiki."

"Umeuandika mkono wangu kurasa arobaini. Mdomo wako hukuuandikia hata mstari."

Salvatory alikunja tai yake akaikunjua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi. "Kama mtafiti mwenyewe ataniandikia kwamba kosa lile lilitokana na yeye," akasema, "akaweka saini yake, mimi nitalifuta kwenye jedwali na kazini kwako utarudi. Maneno ya mdomo siyapokei." Joakim akasema atalitafakari. Akalitafakari mpaka kwenye basi, na basi likaondoka.

Nyamizi alikaa nyumbani mwaka mzima. Alilima viazi, akafuma mikeka, akawatukana wasomi wote kwa ujumla wao, wa ndani na wa nje. Kilichomuuma hakikuwa mshahara, ingawa nao uliuma. Kiliuma kile kitu cha kupita mbele ya kiwanda na kusikia Mayala anapaza sauti, "Safi, safi, safi," kutoka ndani ya soksi, huku malori yanavuja maji barabarani.

Msimu mpya ulikuwa na wiki mbili Joakim alipobisha hodi mlangoni kwake, na begi lilelile. Kitabu chake kilikuwa tayari. Chuo kilikuwa kimekubali kila kitu. Ila kilikuwa kinadai karatasi moja aliyoisahau, fomu ya ridhaa, yenye saini ya mhusika kwamba amekubali mkono wake uandikwe. Bila hiyo miaka saba yake ilikuwa ya kuwashia moto. Na kesho yake alikuwa anapanda ndege, harudi kwa miaka miwili.

Nyamizi akampa kigoda. Akampa na uji. Aliitazama ile fomu, akasikia utamu unampanda kutoka kwenye nyayo.

"Nitasaini," akasema. "Kwanza niandikie ile barua."

Na Joakim, tumpe haki yake, hakubisha. Alikuwa amelibeba lile jambo mwaka mzima na lilikuwa limemlemea. Alitoa karatasi, akaiweka juu ya goti, akaandika kwa Kiswahili kizuri, kisichozunguka. Kwamba siku ya tisa yeye ndiye aliyemuuliza mhusika swali wakati mkono uko kazini. Kwamba kabla ya swali lile mkono haukuwahi kukosea. Kwamba kosa ni lake na aliliacha nje ya ripoti kwa woga. Aliisoma kwa sauti. Nyamizi alisikiliza mpaka mwisho, na machozi yakamlenga, akayafuta kwa hasira.

Hapo angenyamaza. Mtu mwenye akili timamu angekaa kimya kwa muda wa kupepesa jicho mara mbili, msomi aweke saini, basi. Lakini Nyamizi alikuwa ameumeza ulimi wake mara moja maishani, kwa sababu ya mtu huyuhuyu, na alikuwa ameona ulivyomfaa. Joakim alipoinamisha kalamu, Nyamizi akasogeza kigoda.

"Mwalimu, samahani. Kalamu unaisikia kwenye kidole gumba, au kwenye cha shahada?"

Joakim akatabasamu. "Mayu."

"Nauliza tu. Na huo mkia wa saini, unaupinda wewe, au unajipinda wenyewe?"

Kalamu ikasimama hewani. Joakim akaitazama. Akaishusha, ikagusa karatasi, akaisimamisha tena.

"Kabla hujajua kwamba ni jina lako," akasema Nyamizi, kwa upole kabisa, "unasikia nini? Ukimya fulani?"

Akaandika. Saini ilitoka herufi moja moja, zimesimama wima, zinaogopana, kama za mtoto wa darasa la kwanza anayesimamiwa na fimbo. Mkia ulianza kupinda, ukasita, ukaishia njiani.

"Ehe," akasema Nyamizi. "Sasa umesoma."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba, na Joakim naye akacheka, kicheko cha mtu aliyepigwa akaona ni haki. Nyamizi akaweka saini yake kwenye fomu kwa pigo moja, hata bila kuangalia. Walishikana mikono, na msomi akawahi basi lake.

Asubuhi Nyamizi akavaa gauni la kanisani, akaenda kiwandani. Akavua viatu. Salvatory aliipokea barua, akaisoma, akatikisa kichwa kukubali kila mstari. Alifika chini akaacha kutikisa. Akafungua droo, akatoa ripoti, akaiweka kando ya barua, saini kwa saini.

"Mayu, hii kaandika nani?"

"Joakim. Jana, nyumbani kwangu."

"Hii siyo saini yake."

"Ni yake. Nilikuwa namuuliza maswali."

Salvatory akainua macho. Hakuwa na kejeli. Alitaka kujua kweli. "Maswali gani yanayoweza kuharibu saini ya mtu?"

Nyamizi akafungua mdomo. Jibu lilikuwa pale, lote, juu ya meza, na yeye ndiye aliyelileta. Akaona kwamba mtu ambaye hakulielewa kwenye mkono hatalielewa kwenye kalamu. "Yaleyale," akasema.

"Basi aje mwenyewe aniambie."

Joakim wakati huo alikuwa juu ya mawingu ya nchi za watu. Ulimi uliponza kichwa. Nyamizi alikuwa ameusikia msemo huo maisha yake yote akidhani unawahusu wengine. Alivaa viatu. Alitoka uani, ambako lori kutoka Mwandoya lilikuwa linashushwa na Zengo mwenyewe amesimama kando, na alipolipita gunia la kwanza mkono wake ulikuwa umeshazama mpaka kwapani, bila yeye kuutuma, akiwa anatazama pembeni.

"Rudi nayo," akasema.

Zengo akageuka kutazama dirishani. Pazia lilitikisika kidogo kwa feni. "Safi," akasema Mayala kutoka ndani, na wapagazi wakalibeba gunia kwenda ghala la kulia. Nyamizi akakung'uta nyuzi kwenye mkono wa gauni, akashusha kitambaa mpaka kwenye kifundo, akaenda nyumbani.